Jumba la Harewood Lisisifiwe Bila Hesabu Zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme machache kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya majumba ya kale ya mashambani nchini Uingereza. Mwandishi wake aliwahimiza wasomaji wanaosafiri kuja huku kuwaona ndugu zao, au watoto wao walioko masomoni, watenge walau siku moja kwa ajili ya kuyatembelea majumba hayo na bustani zake. Wito huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ninaishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na mgeni yeyote anayenifikia kutoka nyumbani humpeleka Harewood, kwa hiyo sina ugomvi hata kidogo na mtu anayesema kwamba mahali pale panapendeza. Kilichonisukuma kuandika ni maelezo ya mwandishi kwamba utajiri uliojenga majumba yale ulitokana na bidii na uwekevu wa koo zilizoyamiliki. Maelezo hayo hayatoshi, na kwa habari ya Harewood si ya kweli.

Harewood iko kati ya Leeds na Harrogate, umbali wa kilomita 13 hivi kutoka katikati ya Leeds. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1759, na kufikia mwaka 1771 nyumba ilikuwa inakalika. Mwenye nyumba, Edwin Lascelles, aliwakusanya mafundi waliokuwa na sifa kubwa kuliko wote wa zama zake. Ramani ilichorwa na John Carr wa York. Vyumba vya ndani vilipambwa kwa michoro ya Mskoti Robert Adam. Samani zilitoka kwa Thomas Chippendale, seremala aliyezaliwa Otley, mji mdogo usio mbali na hapo, ambaye hakuwahi kupata kazi kubwa kuliko hiyo maisha yake yote, kwani gharama yake ilipita paundi 10,000 za wakati ule. Katika ukumbi mrefu wa picha, juu ya kila dirisha, kuna kitu ambacho mgeni hukidhania kuwa kitambaa kizito kilichokunjwa na kuning'inizwa pamoja na vishada vyake; ni mbao iliyochongwa na kupakwa rangi mpaka ikafanana na kitambaa. Wageni wangu waliokulia Pwani, ambao macho yao yamezoea nakshi za milango ya Mji Mkongwe na ya Lamu, husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine, na mimi huwaacha wasimame, kwa sababu kazi ya fundi inastahili kutazamwa kwa utulivu hata kama aliyeilipia hastahili sifa.

Nje ya nyumba mambo ni makubwa zaidi. Mteremko wa majani unaoshuka kutoka upande wa kusini wa jumba, vichaka vya miti vilivyosimama huku na kule, na ziwa linalong'aa bondeni, huonekana kama kwamba vimekuwapo tangu dunia ilipoumbwa. Ukweli ni kwamba vilipangwa na Lancelot Brown, mtu aliyebadilisha sura ya mashamba ya matajiri wengi wa Uingereza katika karne ya 18. Kijito kilizuiwa kwa boma la udongo hadi kikafanya ziwa la hekta 13 hivi, na nyumba ya zamani ya wenye shamba, iliyoitwa Gawthorpe, ikabomolewa ili isiharibu mandhari. Matuta yalisawazishwa na miti ikapandwa kwa hesabu ya namna ambavyo ingeonekana baada ya miaka hamsini au mia, wakati aliyeipanda atakuwa amekwisha kufa. Kwa kweli sijui sanaa nyingine inayodai subira ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye hesabu zenyewe.

Baba yake Edwin, Henry Lascelles, alikuwa mkusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown, kisiwani Barbados, ambako Edwin mwenyewe alizaliwa mwaka 1713. Barbados ya wakati huo ilikuwa kisiwa cha miwa, na miwa ililimwa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo, pamoja na watoto wao waliozaliwa utumwani. Henry alipata fedha kwa njia kadhaa zilizokamatana: cheo chake cha forodha, biashara ya sukari, biashara ya watu, na juu ya hayo yote mikopo aliyowapa wenye mashamba. Ni kwa fedha hizo kwamba alinunua ardhi ya Harewood mwishoni mwa miaka ya 1730. Jumba lenyewe lilijengwa na mwanawe. Baadaye, wadaiwa wa ukoo huo waliposhindwa kulipa, mashamba waliyokuwa wameyaweka rehani yaliangukia mikononi mwa akina Lascelles, na pamoja na mashamba yakaja mamia ya watu waliokuwa wakiyalima, kwa kuwa watu hao nao walihesabiwa katika rehani sawasawa na vinu vya kukamulia miwa na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni. Kwa njia hiyo ukoo ulimiliki mashamba Barbados, Jamaika, Grenada na Tobago.

Mtu anayeketi leo katika bustani ya Harewood na kikombe cha chai anapaswa kujua kazi ya miwa ilikuwa kazi gani. Mashimo ya kupandia yalichimbwa kwa jembe la mkono, kundi zima likienda kwa mstari chini ya msimamizi mwenye mjeledi. Mavuno yalipoanza, vinu havikusimama usiku wala mchana, kwa sababu muwa uliokatwa huharibika upesi usipokamuliwa, na mchovu aliyesinzia akilisha kinu aliweza kupoteza vidole au mkono mzima. Katika nyumba ya kuchemshia, maji ya miwa yalihamishwa kutoka sufuria moja ya shaba hadi nyingine yakiwa yanatokota. Jamaika vifo vilizidi watoto waliozaliwa, na kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa kwa kununua watu wapya melini. Hiyo ndiyo bidii iliyojenga jumba lile, na haikuwa bidii ya wenye jumba.

Mwandishi wenu anaweza kujibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya karne ya 18 na kwamba kila taifa lilikuwa na yake. Ndiyo maana naomba tutazame yaliyofuata. Mwaka 1807, miezi michache baada ya bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, ulifanyika uchaguzi mkali katika jimbo la Yorkshire. Aliyeongoza kura alikuwa William Wilberforce, mpinzani mashuhuri wa biashara hiyo. Miongoni mwa wagombea alikuwamo Henry Lascelles mwingine, wa kizazi cha baadaye, aliyekuja kuirithi Harewood, ambaye wapinzani wake walimkumbusha mbele ya wapiga kura mashamba ya ukoo wake, naye akashindwa. Mtu huyohuyo alikuwa ndiye mkuu wa ukoo wakati sheria ya mwaka 1833 ilipoamua kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibiani. Sheria ile ilitenga paundi milioni 20 za fidia. Fidia hiyo haikwenda kwa waliotumikishwa. Ililipwa kwa waliowatumikisha. Henry Lascelles alipokea paundi 26,307 kwa ajili ya watu 1,277 waliokuwa katika mashamba yake ya Barbados na Jamaika, yaani wastani wa paundi 20 na kidogo kwa kila roho. Wale 1,277 wenyewe hawakupewa hata senti, tena walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale chini ya mpango ulioitwa wa uanagenzi, hadi ulipofutwa mwezi Agosti mwaka 1838.

Serikali ilikopa ili kulipa fidia hiyo, na Wizara ya Fedha ya Uingereza imekwisha kutamka hadharani kwamba deni lililotokana na mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Kwa hiyo wajukuu wa waliotumikishwa, waliohamia Leeds na Birmingham kutoka Barbados na Jamaika baada ya Vita Kuu ya Pili kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa, walikuwa wakikatwa kodi ambayo sehemu yake ilikwenda kulipa deni la kuwafidia mabwana wa babu zao. Nasi wahamiaji kutoka Afrika Mashariki tuliokuwa tukifanya kazi hapa kabla ya mwaka huo tulilichangia deni hilohilo. Kila nikilifikiria jambo hili naona uchungu, na sioni sababu ya kuuficha.

Msomaji wa Zanzibar au wa Mombasa asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali tu. Chini ya shinikizo la serikali hiyohiyo ya Uingereza, amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 kuhusu utumwa Unguja na Pemba ilifuata kanuni ileile: bwana alikuwa na haki ya kulipwa fidia kwa mtumwa aliyeachiwa, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Katika ukanda wa pwani ya Kenya ikaja sheria ya mwaka 1907, nayo ikawalipa wenye watumwa. Yaani mfano uliowekwa kwa ajili ya mashamba ya miwa ya akina Lascelles na wenzao ulivuka bahari ukafika kwenye mashamba yetu ya karafuu na minazi zaidi ya miaka sitini baadaye, ukiwa bado haujabadilika katika kiini chake. Watoto wetu wanafundishwa kwamba Uingereza ilikomesha utumwa kwetu. Ni haki wafundishwe pia nani alilipwa siku hiyo.

Baada ya kusema hayo yote, mtu anaweza kuuliza kwa nini basi bado nawapeleka wageni Harewood. Nawapeleka kwa sababu, kati ya majumba ya namna hiyo niliyoyatembelea, hilo ndilo lililojitahidi kusema ukweli wake, na jitihada hiyo haikulazimishwa na mtu wa nje. Karatasi za mashamba zilizokuwa zimehifadhiwa na ukoo, ambamo mna orodha za watu waliomilikiwa pamoja na majina yao, umri wao, kazi zao na bei waliyokadiriwa, leo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha York, ambako watafiti wanaweza kuzisoma. Mkuu wa sasa wa ukoo, David Lascelles, huzungumzia asili ya utajiri huo bila kuzungukazunguka, na mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la watu kutoka koo zilizonufaika na utumwa ambao wanataka nchi yao iombe radhi na kurekebisha madhara yaliyobaki. Mwaka 2007, Uingereza ilipoadhimisha miaka 200 tangu kupigwa marufuku biashara ya watumwa, viwanja vya Harewood viliandaa onyesho kubwa la muziki la Geraldine Connor, ambalo liliuchanganya utenzi mashuhuri wa kanisani wa Handel na ngoma na mavazi ya kanivali ya Karibiani. Miaka michache baadaye, chupa za pombe kali ya miwa ya Barbados za mwaka 1780 ziligunduliwa zimesahauliwa katika ghala la chini ya nyumba. Zilipouzwa kwa mnada, fedha zilikwenda kwenye mfuko wa sanaa wenye jina la mama huyo, unaowahudumia vijana wa Leeds.

Tangu zamani kuta za Harewood zimejaa picha za mabwana na mabibi wa ukoo, nyingine zikiwa zimechorwa na Joshua Reynolds, na kwa zaidi ya karne mbili hapakuwa na sura nyeusi hata moja iliyotundikwa kwa heshima kama hiyo. Sasa zimeanza kuongezwa picha za watu wenye asili ya Afrika ambao maisha yao yana uhusiano na mahali hapo. Mmoja ni Arthur France, mwasisi wa kanivali ya Karibiani ya Leeds iliyoanza mwaka 1967. Mwingine ni mwigizaji David Harewood, ambaye wazazi wake walitoka Barbados na ambaye jina lake la ukoo linatokana na mabwana waliowamiliki babu zake. Picha yake ilitundikwa humo mwaka 2023. Mtu anayebeba jina la jumba kwa sababu babu zake walikuwa mali ya wenye jumba, sasa anawatazama wageni kutoka ukutani mwa jumba hilo. Nimeona wageni wangu wakinyamaza mbele ya picha hiyo, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakuyauliza mbele ya samani za Chippendale.

Iko pia habari ya George Robinson, aliyejulikana kwa jina la Bertie, kijana aliyeletwa kutoka kisiwa cha St Vincent mwaka 1893 akawa mtumishi wa nyumba hiyo. Harewood imefanya maonyesho maalumu juu yake. Jikoni kwenyewe, chini ya vyumba vya fahari, sufuria za shaba zimepangwa safu kwa safu, na nafikiri mgeni anayetoka moja kwa moja kwenye vyumba vya juu bila kuteremka huko hajaiona nyumba.

Nafahamu kwamba wapo wanaopinga ukweli wa aina hii kusemwa. Shirika la National Trust, ambalo ndilo linalotunza majumba mengi ya namna hiyo ingawa Harewood si mojawapo, lilitoa taarifa mwaka 2020 iliyoonyesha kwamba sehemu 93 kati ya inazozitunza zina uhusiano na ukoloni au utumwa, na baadhi ya wanasiasa na magazeti wakaja juu wakidai kwamba watu wanakwenda huko kupumzika, si kuhukumiwa. Siwaelewi. Mtu aliyejua kwamba ziwa lile limetengenezwa kwa mikono hulitazama kwa makini zaidi kuliko anayedhani limejaliwa na Mungu, na mtu aliyejua sukari ilivyopatikana huitazama dari iliyobuniwa na Robert Adam kwa makini zaidi pia. Maarifa hayajapunguza uzuri wa kitu chochote nilichokiona pale. Yamenifanya niwafikirie watu wengi zaidi nikiwa ndani ya nyumba moja.

Vilevile sitaki ieleweke kwamba kila kilichomo Harewood kimelipwa na miwa. Matuta yenye vitalu vya maua upande wa kusini, pamoja na ngazi zake za mawe na chemchemi, yalibuniwa na Charles Barry katika miaka ya 1840, baada ya fidia kulipwa, na sina ushahidi wa kuunganisha senti za fidia na mawe ya matuta. Bustani ya mimea ya milima ya Himalaya, yenye mirododendroni inayochanua kuanzia mwezi Mei, ilistawishwa katika karne ya 20, na mnara mweupe wa Kibudha uliomo ulijengwa na watawa kutoka Bhutan mwaka 2004. Mwewe wekundu wanaozunguka angani juu ya shamba walirudishwa hapo kuanzia mwaka 1999, baada ya aina hiyo kutoweka kaskazini mwa Uingereza. Ukoo ulipotozwa kodi kubwa ya mirathi baada ya mkuu wake kufa mwaka 1947, sehemu kubwa ya ardhi iliuzwa, na mwaka 1950 milango ikafunguliwa kwa umma. Tangu mwaka 1986 jumba na bustani viko chini ya mfuko wa hisani. Hata hivyo shamba la mwisho la ukoo huo kisiwani Barbados liliuzwa mwaka 1975, kwa hiyo wapo wasomaji wa barua hii waliokuwa tayari shuleni wakati uhusiano huo ulipokatika.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena makala za utalii kuhusu majumba haya, mwandishi aulizwe swali moja kabla ya makala kupita: aliyejenga alipata wapi fedha? Majibu hayafichiki tena. Chuo cha University College London (UCL), kupitia kituo chake kilichochunguza fidia ya utumwa, kimeweka wazi kwa umma kumbukumbu za waliolipwa, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kutafuta jina la mmiliki na kiasi alichopewa. Walimu wetu wa historia nao wangefaidika nazo, hasa wanapofundisha habari za mwaka 1897 na 1907.

Kwa msomaji anayekusudia kwenda: basi namba 36 linalotoka Leeds kwenda Harrogate husimama karibu na lango, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu kupita kwenye miti. Ni vizuri kuangalia kwanza tarehe, kwani vyumba vya ndani kwa kawaida hufungwa sehemu kubwa ya majira ya baridi. Aanze na jikoni, kisha apande juu, aulize ilipo picha ya David Harewood, kwa sababu picha huweza kuhamishwa chumba, na ndipo ateremke ziwani. Wasimamizi wa vyumba, wengi wao wazee wanaojitolea, hujibu maswali kwa adabu na kwa ujuzi, yakiwemo yale yanayohusu Barbados.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Leeds, Uingereza